Olanya Anatafuta Nafasi ya Baba

Miaka thelathini na mbili Olanya ameigiza Kampala hii, na miaka yote hiyo amekuwa askari. Jukwaani askari, kwenye filamu askari, hata kwenye tangazo la sabuni walimvalisha kofia wakamsimamisha getini. Sababu ni Kiswahili, ambacho Kampala watu wanakijua kama lugha ya askari. Alizaliwa kwenye kambi ya polisi, baba yake sajini kutoka Gulu, na mwongozaji akitaka mtu wa kusimamisha gari kwenye kizuizi cha barabarani mpaka watazamaji wakae sawa vitini, anampigia simu Olanya. Kawempe anakokaa wengi hawalijui jina lake. Wanamwita Afande, na muuza chapati humpigia saluti.

Sasa sikia. Wiki jana Princesse, yule dada wa Kikongo anayetengeneza filamu Kansanga, alitangaza anatafuta baba. Baba wa familia ya wakimbizi, aliyemfukuza binti yake nyumbani, na sasa anamfuata kuomba msamaha. Filamu nzima Kiswahili. Olanya ana miaka sitini na moja na goti linamsumbua. Alishajiambia, asipoipata hii, atazeekea kizuizini. Akapanda boda mpaka Kansanga.

Chumba kilikuwa nyuma ya saluni. Julienne, atakayecheza binti, alikaa kwenye mkeka akichambua maharage. Kwenye benchi alikuwepo Augustin, mwimbaji wa kwaya. Yeye alishafanya zamu yake, tena vizuri, anasubiri jibu.

Olanya akaingia. "Mwanangu, nisamehe."

Maharage yakamwagika.

"Papa Olanya," Princesse akasema, "unamwomba au unamkamata?"

Augustin akacheka mpaka akakohoa. "Huyu hata msamaha anautaka na kitambulisho juu yake."

Olanya akarudia. Akashusha sauti, ikawa mbaya zaidi, kama askari aliyekuona tangu mbali. Shida aliijua mwenyewe. Kumbembeleza mke wake ni kwa Kiacholi, watoto aliwalea kwa Kiacholi. Kiswahili kwake ni simama, toka, leta.

"Mara ya mwisho, papa," Princesse akasema.

Olanya akatoka nje, kibarazani. Akawakumbuka wanawake wa kambini mbele ya ofisi ya mkubwa, na mama yake akiwa mmoja wao, kila mara baba yake alipofungiwa kwa ulevi. Hakuna aliyeingia hivi hivi. Unavua viatu, unasimama nje ya mlango, mikono nyuma, unasema shida yako ukiangalia chini, na usipojibiwa unabaki hapo hapo. Hicho nacho kilikuwa Kiswahili cha kambi, ila hakuna mwongozaji aliyewahi kumwomba akizungumze.

Akavua viatu. Kizingiti hakukivuka.

"Naomba ruhusa kuingia," akamwambia Julienne. "Nina shida. Nilikufukuza, na kosa ni langu. Ukikataa nitasimama hapa."

Julienne alitakiwa kujibu "toka". Ndivyo ilivyoandikwa. Akamwangalia, akamwangalia tena, halafu akasogeza sinia la maharage na kumwachia nafasi kwenye mkeka.

"Umesahau maneno?" Princesse akamuuliza Julienne.

"Sijasahau. Nimeshindwa kumfukuza."

Princesse akachukua kalamu, akalifuta lile "toka" kwenye karatasi. Augustin akainuka taratibu na koti lake, akampa Olanya mkono. "Ya leo imenipita, mzee."

Olanya bado alikuwa nje ya mlango, miguu mitupu, anasubiri kuruhusiwa.

"Ingia, papa," Princesse akasema. "Tunaanza Jumatatu."