Trakteri Aliyoichagua Sumaili

Agronomu Mubelgiji, bwana shamba wa serikali, alileta kijijini Lusangi trakteri mbili kuukuu. "Muchague moja ya shamba lenu la pamba," akasema. Watu walimsukuma mbele Sumaili, mufua majembe. Miaka yote shamba lile la lazima walililima kwa migongo yao, na kiboko cha serikali juu yao.

Sumaili aligonga vyuma kwa nyundo, akisikiliza kama anavyosikiliza jembe.

"Hii nyekundu, Bwana. Ya bluu iko na ufa ndani."

"Wewe fundi kweli!" Agronomu akamgeukia dereva wake. "Nyekundu peleka kwa muzungu mwenye plantasyo kubwa ya kahawa kule Kabambare. Hawa waachie ya bluu."

"Baba Sumaili," mkewe Safi alinong'ona, "si ungenyamaza tu?"

Sumaili alichukua nyundo yake, akaenda kutayarisha tanuru. Ya bluu ingevunjika tu, na kesho majembe yote yangerudi kwake kunolewa.