Mbolea ya Mdudu

"Nilikuambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ni mbolea ya mdudu!"

"Mdudu, Baba Jovin! Mdudu!" Bi Rukia alikuwa ameiweka mikono yake mbali na mwili, vidole ameviachanisha, kama mtu aliyetoka kutumbua kuku na hana maji ya kunawa. "Mimi nikajua mdudu kweli! Funza! Wale weupe wanaojikunja kwenye samadi! Ndiyo nikakujibu lete tu, mdudu simwogopi, nitamwagia majivu."

"Sasa Mama Nurdin, Moshi hii nani asiyejua mdudu ni nani?"

Mdudu mwenyewe, maana ndivyo nguruwe anavyoitwa kwenye baa za huku kwetu, alikuwa kwenye pikapu, amefungwa miguu, kalala juu ya magunia ya mbolea anakoroma. Rogath, Baba Jovin wetu, alikuwa anamteremsha kutoka shambani kwake Kirua Vunjo kumpeleka baa, akapitia hapa mtaani kwetu Soweto kushusha mbolea ya vuli. Bi Rukia alipochungulia na kuuliza huyu anafanya nini juu ya magunia yangu, yeye akajibu huku anacheka, "Si ndiye mwenye mbolea?"

Kelele zikaanzia hapo. Mimi niliacha sufuria motoni nikatoka, maana nyumba yangu na ya Bi Rukia zinatazamana, na ugomvi wa kusimuliwa hauna ladha.

Zamani Rogath alikuwa na ng'ombe. Bei ya kahawa ilipoanguka na baa zikaota kila kona, akauza ng'ombe, akafuga hao wengine, na mbolea ikaendelea kuja kwenye magunia yaleyale. Bi Rukia akawa anaivunjavunja na kuichanganya na udongo kwa mikono mitupu. Masika alipanda mchicha na majani ya maboga, yakatoka mapana kama masinia. Baridi ya Juni ikaingia, akahamia sukuma wiki na figiri. Septemba vumbi likatawala, bustani zetu zikabaki vijiti, ya kwake ukiitazama unadhani iko Marangu kando ya mfereji. Na hakuwa mchoyo. Ukipita na salamu, unatoka na fungu.

"Tangu masika!" alisema, akatema mate. "Nimechambua kwa kucha hizi! Nimekula, nimemlisha mwanangu, nimepeleka kwenye maulidi, bakuli kwa bakuli!" Akatema tena. Akaokota kijiti, akaanza kuchokonoa udongo chini ya kucha, uso ameukunja, anachokonoa tu mpaka kidole kimoja kikatoa damu.

"Lakini mboga inaoshwa, Mama Nurdin."

"Na koo langu linaoshwa na nini?"

Mimi mdudu ninamla, tena kwa ndizi za kuchoma, sitamsingizia. Lakini lile gunia la chini lilikuwa limelowa, linachuruzika ute mweusi kwenye bamba la gari, na inzi wamejaa. Nikakumbuka mlenda niliokula kwa Bi Rukia jana yake. Na mimi nikatema mate.

Kumbe kichefuchefu chenyewe kilikuwa bado. Rogath akaona ajitetee.

"Mbona hata kule baa wanajua? Niliwaambia, Bi Rukia ni mtu wa kisasa, hana shida na mdudu." Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, kama anamsifia jirani.

Bi Rukia akakitupa kile kijiti. Huyu mama ni mjane, na furaha yake ni kuona watu wamejaa mkekani kwake wanakula. Ijumaa palikuwa hapatoshi. Lakini tangu mwezi uliopita wenzake wa msikitini walikuwa wamepungua, huyu ana mgeni, yule anaumwa tumbo. Alipika, akafunika, akasubiri, akawagawia watoto wa jirani.

"Kumbe ndiyo maana," alisema polepole. "Kumbe huko nje mimi ninakula nguruwe."

Akachukua jembe, akaingia bustanini. Sukuma zikang'oka na mizizi, figiri zikafuata.

"Mama Nurdin, unaharibu chakula!"

"Funga mdomo, Baba Jovin," nikamwambia. "Ulimi wako unanuka kuliko hilo gari."

Ndipo tukasikia hodi. Alikuwa Bi Shani, kiongozi wa kina mama msikitini, mwanamke asiyezungusha maneno. Alisimama getini, ncha ya kanga puani, akamtazama mnyama, akatazama mboga zilizotapakaa.

"Asalaam aleikum, Rukia. Nimesikia maneno. Nimeona nikuulize wewe, nisiwaulize watu."

Bi Rukia aliliegemea jembe lake. Nikamgeukia Rogath. "Haya. Uliyasema baa, yaseme na hapa."

"Mimi nilimwambia tu ni ya mdudu..."

"Nguruwe," Bi Shani alimkatiza. "Neno lenyewe ulimtajia?"

Rogath akatazama viatu vyake. "Hapana, mama. Niliona... si neno zuri la kumtajia mama wa Kiislamu."

"Kunitajia uliona haya!" Bi Rukia alipiga kelele, jembe likamtoka mkononi. "Kuniletea hukuona!"

Bi Shani alimtazama Rogath kama mtu anavyotazama kitu alichokanyaga. "Utakwenda hukohuko baa, leo hii, na wote waliocheka watasikia kwamba mama huyu hakujua. Nitatuma mtu asikilize. Sasa ondoa uchafu wako."

Rogath akaondoka na magunia yake yote. Harufu ilibaki. Ilikuwa imeingia kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye nywele zangu nilikuwa naisikia.

Bi Rukia alinawa kwa sabuni ya kipande, akanusa viganja, uso ukamjikunja, akanawa tena. Bi Shani alikuwa bado getini, hajaingia wala hajaaga. Bi Rukia akajifuta, akabaki ameshika taulo, macho yakiwa kwenye udongo.

"Nimepika wali na maharage ya nazi," alisema. "Majani hakuna. Karibu ndani tule, Shani."