Paka wa Mfuko wa Kushoto

Fundi cherehani alikuwa anabadilisha zipu ya koti jeusi la mteja wa mtaa wa pili wakati mfuko wa kushoto ulipolia nyau. Akatoa pini mdomoni, akachungulia. Ndani ya mfuko, ambao haukuzidi upana wa kiganja, alikuwa amejikunyata paka mzima, mkubwa tu, mwenye kovu puani.

Mdogo wake, anayepiga pasi humo humo kibandani, akasema wamvute, paka ni paka. Akaingiza mkono, akampapasa shingo, akavuta. Mfuko ukarefuka mpaka kiwiko. Akavuta tena, ukafika begani, na paka akawa anasikika kwa mbali kama yuko chumba cha nyuma.

"We naye, toa mkono," fundi akamwambia. "Unamchimbia shimo."

Basi wakaenda naye taratibu. Koti likawekwa chini ya meza, kwenye pembe wasikopita watu. Redio ikapunguzwa. Mdogo mtu, ambaye huwa anaibwaga pasi kama ana ugomvi nayo, akajifunza kuitua. Fundi akaweka maji, vipande vya samaki, boksi la mchanga, na kipande cha shuka alilolilalia, ili paka azoee harufu yake. Kisha akakaa sakafuni, akaupa mfuko mgongo, akawa anashona pindo huku akimpa habari za wateja: nani kanenepa, nani anasema nguo ndiyo imerudi ilipofuliwa. Hakumwita. Hakumtazama.

Siku ya nne zikatoka sharubu. Siku ya sita kikatoka kichwa, kikala, kikarudi. Siku ya saba paka akalala kwenye mguu wa fundi, nusu nje nusu mfukoni. Ganzi ilimpanda fundi mpaka kiunoni lakini hakusogea. Alimshukuru kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeletewa zawadi.

Siku ya nane ilikuwa ya koti kuchukuliwa. Mteja alishasema saa kumi, na si mtu wa kuchelewa. Saa tisa pikipiki iliyokuwa inapita ikapiga honi mlangoni, paka akarudi mfukoni mzima mzima. Muda wa kubembeleza haukuwepo. Fundi akachukua wembe, akaufumua mfuko uzi kwa uzi, kama anamtoa mtoto mwiba, akaushonea kwenye aproni yake mwenyewe. Kwenye koti akatia mfuko mpya.

Saa kumi mteja akafika, akalivaa, akaingiza mikono mifukoni, akasema kazi safi. Akauliza kama wameona paka mwenye kovu puani.

"Nikimkamata, safari hii atanitambua."

"Hapa zinapita nguo tu, kaka," fundi akamjibu. Aproni ilikuwa inatetemeka. Mdogo wake akawasha feni.

Wiki iliyofuata akaja mke wa yule mteja, na shati la mumewe lililodondoka kifungo. Alisema amepewa robo saa. Fundi alipokuwa anatunga uzi, mama yule akautambua mfuko wa koti kwenye aproni, akaomba apitishe mkono. Akauingiza mpaka begani, akafumba macho. Mfuko ukaanza kukoroma kwa raha.

"Mimi ndiye niliyemwachia paka koti wazi kitandani," akasema. "Nyumbani kwetu koti lile ndilo kitu pekee kinachotoka bila kuulizwa kinaenda wapi."

Fundi akamwambia nafasi ipo, mfuko ni mpana kuliko unavyoonekana. Mama akatabasamu, akasema watoto wanatoka shule saa sita, na akachomoa mkono wake polepole. Ulikuwa umejaa manyoya. Akayapangusa moja moja, asirudi nayo nyumbani.

"Asante, dada," akasema. "Mmoja wetu katoka."

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Akalikunja shati, akaondoka kwa mwendo wa haraka. Paka akatoa kichwa, akamwangalia mpaka alipokata kona, kisha akadai samaki wake.