Mwandiko wa Pili

Kwa miaka mitatu mdogo wake ndiye aliyemwandikia mitihani. Wakili alisema, mdogo mtu akaandika, mwandiko wa kuparua lakini wa mbio, na walimu wakausoma hivyo hivyo. Hilo jina la Wakili alipewa na mama yake akiwa na miaka sita kwa sababu ya ubishi, na alipopoteza macho akiwa na kumi na minne, ubishi ulibaki pale pale. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria. Ulibaki mtihani mmoja tu, wa sheria ya mikataba, na akiufeli anarudia mwaka mzima.

Siku mbili kabla ya mtihani alipigiwa simu na Mratibu wa wanafunzi wenye ulemavu. Utaratibu umebadilika, ndugu hamwandikii ndugu tena. Lakini asiwe na wasiwasi, ametafutiwa mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote chuoni.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee wa Vyeti. Kazi yake kwa miaka thelathini ilikuwa hiyo moja, kuandika majina ya wahitimu kwenye vyeti kwa kalamu ya wino. Waliomchagua walikuwa na nia njema kabisa, na ndiyo maana Wakili alikosa hata mtu wa kumtukana.

"Shikamoo, mzee," Wakili akasema siku ya mtihani, wakiwa wawili tu chumbani.

"Marahaba, mwanangu. Wewe sema, mimi niandike. Tutakwenda polepole."

Naam, polepole walikwenda. Mzee alimsomea swali la kwanza vizuri, Wakili akasema sentensi moja, akasubiri. Kalamu ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Akasema ya pili na ya tatu, maana kichwani maneno yalikuwa yanasukumana kutoka.

"Umefika wapi, mzee?"

"Nipo kwenye 'Mkataba'. Hii M kubwa inataka utulivu."

Alikuwa amepewa saa tatu na nusu, nusu saa ya nyongeza kwa sababu haoni. Saa mbili zilikatika wakiwa wamejibu swali moja na robo, kati ya manne.

"Mzee, nakuomba, andika vibaya."

"Vibaya namna gani?"

"Vyovyote. Parua tu."

Maskini mzee alijaribu. Wakili alimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kuruka mtaro, halafu kalamu ikaanza mwendo wake ule ule. "Mkono umekataa, mwanangu," akasema kwa haya.

Wakili hakulelewa kumkosea mtu mzima adabu, lakini damu ilikuwa inamchemka. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kalamu."

"Utaweza?"

"Niliandika mpaka nina miaka kumi na minne. Yaliyoharibika ni macho, siyo mkono. Shida yangu ni mistari kupandana, na siwezi kurudia kusoma."

Mzee akatafuta rula, akailaza chini ya mstari. Wakili akaandika akiigusisha kalamu kwenye rula, na kila alipofika mwisho mzee alimgonga kiganja, akaishusha rula, akaurudisha mkono wake mwanzo. Msimamizi alikuwa anazunguka vyumba vitatu, hakuona kitu. Kengele ilipolia, maswali yote manne yalikuwa yamejibiwa.

Baada ya wiki moja Mratibu akawaita wote wawili ofisini. Wakili alisikia kurasa zikifunuliwa.

"Kijitabu hiki kina miandiko miwili. Wa kwanza ni wa mzee. Huu wa pili, wa ajabu ajabu, ni wa nani?"

"Wangu."

"Wewe huoni."

"Sioni, ndiyo."

"Sasa uliandikaje?"

"Kwa mkono."

Mratibu akavuta faili. "Kama huwezi kuandika, basi kaandika mtu mwingine. Huo ni udanganyifu, unarudia mwaka. Kama unaweza, basi miaka yote hii umeomba msaada usiouhitaji, nao ni udanganyifu. Chagua mwenyewe."

Miaka mitatu Wakili alikuwa amebeba barua za daktari ofisi hadi ofisi, akiwathibitishia watu wanaomtazama kwamba yeye hawaoni. Alikuwa amechoka kuwa na akili mbele yao.

Mzee akakohoa. "Rula nilishika mimi, na aliyeandika ni yeye. Mratibu, hicho cheti nyuma yako ukutani, ni chako?"

"Changu, ndiyo."

"Niliandika mimi. Nakumbuka, jina refu, nusura nafasi iniishie."

"Sasa?"

"Mwandiko ule ni wangu, mwanangu. Elimu ni ya nani?"

Kiti cha Mratibu kililia kikigeuka kuelekea ukutani. Kiliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Leteni maelezo. Kila mtu kwa mkono wake. Nikiyapata leo, naidhinisha matokeo. Ofisi inafungwa saa kumi."

"Sasa hivi saa ngapi?" Wakili akauliza.

"Tisa na nusu."

Wakili akashika kichwa. Yake aliyaandika kwa dakika kumi, mzee akimshikia rula, akamkabidhi Mratibu. Kisha mzee akakaa mezani, na Wakili akabaki kusikiliza ile kalamu ikikwaruza, ikinyamaza. Mratibu alikuwa ameshasimama mlangoni, funguo zinagongana mkononi.

"Mzee, umefika wapi?"

"Kwenye jina lako, mwanangu. Hili siliharakishi."

Mratibu akaguna kwamba saa kumi imefika.

"Asubiri," akasema Wakili. "Andika, mzee."