Mstari wa Tonton Donat

Tonton Donat, mjomba wa Katongo, alichora grafu yake kwa chaki kwenye mlango wa jiko, na tangu asubuhi hiyo hakuna mtu wa nyumba ile ya mtaa wa Bel-Air aliyethubutu kuugusa.

"Mara ya kwanza bakwe balikuya batatu," alisema, akigonga nukta ya chini. "Mara ya pili, sita. Leo?"

Katongo, mpishi wa siku hiyo, aliacha shule darasa la nne. Aliangalia vidole vyake vya miguu. "Kumi na mbili, Tonton."

"Tisa! Tatu, sita, tisa. Mustari iko droit, imenyooka, mutoto. Miye nilisomea Kasapa, ku université!"

Katongo alitaka kusema kwamba kila mkwe aliyeonja samaki wake alirudi na mwenzake, kwa hiyo hao sita nao watarudi na wenzao. Badala yake akachukua kikombe cha kupimia unga.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Leo ndipo ndoa ya dada yake Tracy ingekubaliwa au kukataliwa, na katika ukoo wa mchumba, mgeni mmoja akikosa bukari, ugali wa heshima, wote husimama na kuaga.

Tonton akaandika mlangoni: unga ni kikombe kimoja mara x, na x ni tisa. Katongo akapima tisa mbele yake. Tonton alipoenda kuvaa koti, Katongo akaongeza vikombe vitatu, na samaki watatu.

Saa saba wakwe waliingia. Tracy aliwahesabu dirishani; alipofika kumi akajiziba mdomo. Walikuwa kumi na wawili.

"Bale batatu ni erreur," Tonton alinong'ona. "Mustari haina kosa."

Walikula, wakaongezewa. Mwishowe Mama Mwansa, mama wa mchumba, akasukuma sahani yenye tonge lililobaki. "Tumeshiba. Mutoto wenu sasa ni wetu."

Tracy akapiga vigelegele. Tonton akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ni calcul, hesabu yangu!" Wakampigia makofi.

Kisha akaingia jikoni akisugua mikono. "Leta yangu."

Katongo alifunua sufuria. Ilikuwa tupu.

"Yangu iko wapi?"

"Mu x yenu hamukujitia, Tonton," alisema polepole. "Siye tulikula viazi asubuhi. Mulikuwa munachora."