Aliyeezeka Ghala

Bwana Mbaka wa makumbusho alilizunguka ghala la zamani polepole, akagonga nguzo, kisha akaingiza mkono chini ya nyasi za paa. Pakavu kabisa, na huku Githongo mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima.

"Hili tutalihifadhi," alisema. "Na aliyeliezeka atakuja kufundisha vijana wetu. Ni nani?"

Kathure, aliyekuwa peke yake uani, alisikia kinywa chake kikijibu, "Ni mimi."

Hakuwa yeye. Aliyeezeka ni Makandi, mke wa shemeji yake. Waliolewa mwaka mmoja katika boma hilo, lakini mama mkwe alimchagua Makandi apande naye juu ya paa. Kathure akatumwa kukata nyasi. Tangu hapo, kila mgeni aliposifu paa lile, Kathure alitabasamu huku roho ikimwuma.

"Vizuri sana, mama. Upande huu umechakaa kidogo. Hebu tuonyeshe."

Akapanda ngazi. Tita la kwanza la nyasi likateleza. La pili likamwagikia Bwana Mbaka kichwani. Ndipo Makandi akatokea, amebeba maji. Aliitazama ngazi, akamtazama mgeni, akaelewa.

"Mama Munyi, leo umekuwa ndege?" akamtania Kathure, akicheka.

Kathure akangoja kuumbuliwa.

"Huyu huezeka vizuri," Makandi akamwambia mgeni. "Ni baridi tu imemshika mikono." Akasogea chini ya ngazi, akampa tita jingine, akanong'ona, "Shina lielekee chini. Kamba ipitishe nyuma ya ufito, halafu uivute kwako."

Kathure akafanya hivyo. Tita likakaa kama limeota pale.

"Umeona?" Makandi akanong'ona tena. "Jina chukua tu, dada. Mimi nitakufundisha."

Hapo ndipo moyo wa Kathure ulipowaka. Kumbe hata jina, Makandi analo la kugawa! Na kila atakaposifiwa, atajua amesifiwa kwa hisani ya nani. Afadhali aitwe mwongo Githongo nzima.

"Bwana Mbaka!" alipaza sauti. "Mimi kuezeka sijui. Nimekudanganya. Fundi ni huyu hapa chini. Mchukue yeye."

Makandi akamnyooshea mkono amsaidie kushuka. Kathure akashuka bila kuushika.