Kivuli cha Turubai

Hapa kijijini kwetu, nyuma ya Msambweni, hakuna anayeyajua maji kunishinda. Kemia nilipata A, na A ile sikumwibia mtu. Maji hayawezi kunidanganya mimi Ziro. Labda yaanze na mwalimu wangu.

Ndiyo maana injinia wa hoteli alinichagua. Watu walilalamika kwamba shimo la maji taka la hoteli linavujia kisima chetu, basi likakubaliwa jaribio: dawa ya rangi ya kijani imwagwe shimoni, na mtu wa kijiji achukue maji ya kisima kila siku kwa siku kumi na nne. Rangi ikionekana, shimo lifungwe. Isipoonekana, hoteli ichimbe la pili, kubwa zaidi. Nikapewa chupa, fomu, na fulana yenye nembo ya hoteli. Fulana ile niliivaa hadi kanisani.

Kisima kiko uwanjani kwa Bi Mwanarusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu Ummi tumbo linamwendesha, mwezi wa pili huu. Hospitali wananiuliza anakunywa maji gani. Niwajibu nini? Nakutegemea wewe, maana wale wageni hawayanywi."

"Mama, wewe lala usingizi. Hata chura akipita na ukijani wake nitamwandika."

Akacheka. Tangu siku ile akawa ananiita daktari.

Siku ya kwanza maji yalitoka meupe. Ya pili vilevile. Ya tatu, Mzee Tembo, fundi wa visima, alinikuta nimeinua chupa juani kama mnunuzi wa asali.

"Babu, kutoka shimoni ni mita mia tatu," nilimwambia. "Kwa hesabu yangu, rangi ingekuwa imefika jana."

"Hesabu yako ni ya mfereji. Mimi nimeutoboa mwamba huu miaka arobaini. Ndani unakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, umejaa nyufa na mifuko. Maji mengine hupita mbio katikati. Mengine huingia mfukoni, yakalala huko, yakazinduka wenzao wameshafika. Na hayo ya nyuma yakianza kuja, hayaishi upesi."

"Basi ni kama wewe ukitumwa dukani, babu."

Alicheka hadi akakohoa. Mimi sikuandika neno.

Siku ya nne injinia alikuja na gari lake.

"Ziro, buda, hiyo rangi ingekuja ingekuwa ishakuja. Jaza tu siku zenye zimebaki, uweke saini. Maabara yetu Diani inataka kijana. Jumatatu unaanza."

Nilizijaza siku zote kumi na moja palepale, nimeegemea boneti. Hakuna rangi. Hakuna rangi. Mwandiko niliubadilisha kidogo hapa na pale, ili siku zisifanane.

Jumatatu nilipiga pasi shati, nikaenda hotelini. Mlinzi wa getini akanitazama kuanzia viatuni. Maabara hakuwahi kuisikia, alisema, ila injinia ameacha ujumbe: nirudi ripoti ikishapita kwa chifu.

Kesho yake, siku ya tisa, Ummi akafa.

Nilikuwa miongoni mwa vijana tuliochota maji ya kumwoshea. Ndoo ya tatu ilipotoka juani, ilikuwa na rangi ya ndimu changa. Niliipitisha haraka nyuma ya leso zilizotundikwa, kule wanawake walikokuwa wakiosha. Baadaye, kabla ya maziko, Bi Mwanarusi alitoka na kitambaa cheupe alichomkaushia mwanawe.

"Ziro, hebu niangalizie. Hiki si kijani?"

Nilikitazama muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Ni kivuli cha turubai, mama."

Akakikunja polepole. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Baraza liliitishwa wiki ya tatu, barazani kwa chifu. Injinia alikaa karibu naye, chupa mbili za maji ya dukani mezani. Chifu akainua fomu.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Rangi uliiona?"

Nilimtazama injinia. Alikuwa akiandika kwenye simu.

"Sikuiona hata siku moja."

Bi Mwanarusi akasimama, akafungua pindo la leso. Kitambaa kilikuwa kijani kama siku ile.

"Mama, pole tulikupa," chifu alisema, akiufungua muhuri. "Ya msiba tusiyachanganye na ya serikali."

"Sichanganyi, chifu. Nina neno na huyu mwanangu."

Nikatabasamu. Kuchekesha ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo. "Mama, si nilikwambia? Turubai lile la kijani lingemtia rangi hata mbuzi!"

Wawili watatu wakacheka, kwa mazoea. Muhuri ukagonga karatasi.

"Turubai liliazimwa Ukunda," Bi Mwanarusi alisema, macho yake kwangu. "Lilifika alasiri. Ummi tulimzika adhuhuri."